Bismillahi Katikati ya Roki: Albamu ya Mtoto wa Mji Mkongwe na Sisi wa Sydney

Wahariri wametuomba tuandike habari za ile jioni ya santuri, na hasa ule ubishi uliozuka, kwa sababu wanachama ambao hawakuwepo wamesimuliwa mengi yasiyokuwepo. Wengine wameambiwa kwamba tulikaribia kupigana. Si kweli. Tulipandishiana sauti, chai ikapoa, na maandazi yakaliwa na wale waliokuwa kimya. Basi.

Chanzo kilikuwa santuri. Mwenzetu mmoja aliikuta katika soko la Jumamosi pale Glebe, ndani ya sanduku la katoni, imebanwa kati ya nyimbo za Krismasi na hotuba za mtu asiyejulikana. Jalada jeupe, katikati nembo ya rangi: simba wawili, kaa, wasichana wawili wenye mabawa, na juu yao ndege mkubwa. Ilikuwa albamu ya nne ya bendi ya Queen ya Uingereza, "A Night at the Opera", iliyotoka Novemba 1975. Aliileta chumbani kwa chama Jumatano, akaiweka mezani na kutangaza: "Jamani, huyu ni wetu."

Mwenzetu mwingine, aliyezaliwa Unguja, hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Si wetu. Jina lenyewe alilitupa. Mkataa kwao mtumwa."

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwalimu wetu mlezi, ambaye huwa anatuacha tubishane mpaka tuchoke, safari hii aliingilia mapema. Alisema watu hawabishani juu ya kitabu ambacho hawajakisoma; twendeni tukaisikilize albamu nzima, tusome ilivyotengenezwa, kisha tuje tubishane tukiwa na la kusema. Tukafanya hivyo kwa wiki mbili. Haya ndiyo tuliyoyakusanya.

Wanafunzi wanne wasio na senti

Kwanza tulifurahi kugundua kwamba Queen ilikuwa bendi ya wanafunzi. Mpiga gitaa, Brian May, alikuwa akisomea unajimu wa kisayansi Imperial College, London. Aliiacha tasnifu yake ya udaktari kwa ajili ya muziki, akairudia baadaye na kuikamilisha mwaka 2007. (Walimu wetu, tunaomba kisa hiki kikumbukwe wakati wa kupanga tarehe za mwisho za insha.) Mpiga ngoma, Roger Taylor, alisomea biolojia. Mpiga gitaa la besi, John Deacon, alikuwa na shahada ya elektroniki. Na mwimbaji, Freddie Mercury, alisomea uchoraji wa michoro ya biashara katika chuo cha sanaa cha Ealing. Ile nembo ya jaladani aliichora yeye mwenyewe. Simba wawili ni nyota za kuzaliwa za Deacon na Taylor, kaa ni ya May, na wale wasichana ni Mashuke, nyota yake yeye.

Kabla ya kuitwa Mercury aliitwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Gujarati, na baba yake alikuwa karani wa fedha katika Mahakama Kuu ya Zanzibar. Akiwa bado mdogo alipelekwa India, shule ya bweni ya Panchgani, na huko ndiko alikojifunza piano na kuanzisha bendi yake ya kwanza ya shule. Alirudi Unguja mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 16. Uhuru ulipatikana Desemba mwaka huo, Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964, na mwaka huohuo familia ikahamia Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa London.

Mwaka 1975 ulipoanza, Queen walikuwa na jina lakini hawakuwa na fedha. Wimbo wao "Killer Queen" ulikuwa umefika nafasi ya pili Uingereza. Walipokwenda Japani Aprili 1975 walilakiwa uwanja wa ndege na maelfu ya vijana. Lakini mkataba waliousaini siku walipokuwa hawajulikani uliwabana: inaelezwa kwamba walikuwa wakilipwa paundi 60 kwa wiki, na kwamba Deacon, aliyekuwa ameoa karibuni, alinyimwa fedha za kutanguliza ili anunue nyumba. Ilibidi watafute mwanasheria wa kuwatoa katika mkataba ule, na walipotoka walikuwa na deni. Meneja wao mpya, John Reid, ambaye pia alimsimamia Elton John, inasimuliwa aliwaambia waende wakatengeneze albamu bora kadiri wanavyoweza, mambo ya fedha wamwachie yeye.

Kwa hiyo, wasomaji, albamu tunayoizungumza ni albamu ya watu waliokuwa na nafasi moja. Ikifanikiwa, wamepona. Ikishindwa, May anarudi kwenye nyota zake na Deacon anatengeneza redio.

Sauti juu ya sauti

Kazi ilianza Agosti 1975 huko Rockfield, studio iliyo katika shamba nchini Wales, ikaendelea katika studio kadhaa za London hadi Novemba. Mtayarishaji alikuwa Roy Thomas Baker akishirikiana na bendi yenyewe. Inasemekana ilikuwa miongoni mwa albamu za gharama kubwa kupita zote zilizowahi kutengenezwa Uingereza hadi wakati ule.

Sisi tuliozaliwa katika zama za kurekodi wimbo kwa simu kitandani tulihitaji kuelezwa kazi yenyewe ilivyokuwa. Hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na kanda pana ya sumaku yenye njia 24, na kila njia inabeba sauti yake. Njia zikijaa, unazichanganya sauti kadhaa na kuzihamishia katika njia moja au mbili, nafasi inapatikana, unaendelea kuimba juu yake. Katika ile sehemu ya opera ya wimbo "Bohemian Rhapsody", waimbaji ni watatu tu: Taylor juu, Mercury katikati, May chini. Waliimba saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, wakirudia na kurundika, mpaka tabaka za sauti zikafika takriban 180. Kanda ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi hata ule unga wake wa chuma ukakwanguka; inasimuliwa kwamba ukiinua juu unaona mwanga ukipenya. Sehemu ile peke yake iliwachukua kama wiki tatu.

Mwenzetu anayepiga fidla katika kikundi cha taarab alisikiliza kipande hicho akiwa amefumba macho, kisha akasema kwamba kama ni kwao, wangewaita watu 40 kutoka mtaani, wakaimba mara moja, wakaenda kula. Tulicheka, lakini ndani ya maneno yake mna jambo. Wale hawakuwa na fedha za kwaya, na hata wangekuwa nazo wasingepata sauti ile. Sauti ya watu watatu waliojizidisha haifanani na sauti ya umati.

Na albamu nzima imejaa ufundi wa namna hiyo, wa mtu anayetumia kilichopo. Katika "Lazing on a Sunday Afternoon", ili sauti ya Mercury itoke kama ya redio kuukuu, waliipitisha kwenye vipokea sauti vya masikioni vilivyowekwa ndani ya mkebe wa bati, wakarekodi kinachotoka mkebeni. Katika "Seaside Rendezvous", zumari na tarumbeta unazozisikia ni midomo ya Mercury na Taylor, na mlio wa viatu vya kuchezea dansi ni vidole vyao vilivyovalishwa vile vikofia vya chuma ambavyo mafundi cherehani huvaa wasichomwe na sindano. Katika "Good Company", bendi nzima ya jazi ni gitaa la May, gitaa ambalo yeye na baba yake walianza kulichonga mwaka 1963 kwa mbao za fremu ya jiko la kuotea moto. Kipaza sauti cha gitaa hilo katika wimbo huo kilitengenezwa na Deacon kwa vipande vya elektroniki alivyovikuta kwenye pipa la taka. Mwenzetu wa Gikomba akagonga meza: "Hiyo ni jua kali! Hao walikuwa jua kali!"

Tulipenda pia kwamba wote wanne wametunga. Deacon ametoa "You're My Best Friend" kwa ajili ya mkewe. May ametoa "'39", ambao ukiusikiliza haraka utadhani ni wimbo wa mabaharia wa zamani, kumbe ni wa wasafiri wa angani wanaorudi nyumbani na kukuta miaka imepita huku, wao wakiwa hawajazeeka. Huo uliwanyamazisha wenzetu wawili ambao hawajafika kwao tangu walipokuja kusoma. Taylor ametoa wimbo wa kuipenda gari, na inasimuliwa alijifungia kabatini mpaka wenzake wakakubali uwekwe upande wa pili wa santuri ndogo ya "Bohemian Rhapsody". Santuri ile ilipouzwa kwa wingi, upande wa pili ulilipwa sawasawa na wa kwanza. Kabati lilimlipa.

Dakika tano na sekunde hamsini na tano

Walipouchagua wimbo wa kutangulia albamu, bendi ilisema ni "Bohemian Rhapsody". Waliohusika na kuuza wakashika vichwa. Redio zilitaka nyimbo za dakika tatu. Huu ulikuwa na 5 na sekunde 55, hauna kibwagizo, unaanza kama dua, unaingia opera, unageuka roki, unaishia kwa kunong'ona. Waliombwa waufupishe. Walikataa. Nakala moja ikamfikia mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, naye akaupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa wiki. Jumatatu watu walikuwa madukani wakiuulizia wimbo ambao ulikuwa haujatoka.

Ulitoka tarehe 31 Oktoba 1975, ukakaa kileleni Uingereza wiki tisa. Albamu ilifuata Novemba, nayo ikafika nafasi ya kwanza. Huku kwetu Australia wimbo na albamu vyote viwili vilishika nafasi ya kwanza mwaka 1976.

Jambo moja tuligundua kwa kuisoma lebo ya santuri, na tunaomba mtuvumilie. Kampuni iliyoitoa ni EMI. EMI ilizaliwa mwaka 1931 kwa kuunganishwa kampuni mbili, na mojawapo ilikuwa ile ya Gramophone yenye alama ya HMV, yule mbwa anayesikiliza bomba. Sasa, ni kampuni ya alama hiyohiyo iliyomrekodi Siti binti Saad mwaka 1928. Siti alitoka Unguja kwa meli akaenda Bombay kurekodi, mwanamke aliyewahi kuuza vyungu barabarani, akaimba kwa Kiswahili na santuri zake zikasambaa pwani nzima. Alifariki mwaka 1950, Farrokh akiwa mtoto mdogo mjini humohumo, na miaka michache baadaye naye akapelekwa upande uleule wa Bombay, kusoma. Hatusemi kwamba mmoja alimfundisha mwingine. Tunasema tu kwamba njia ile ilikuwa imekanyagwa.

Neno moja

Tukafika pale ambapo kila mtu chumbani alikuwa akipasubiri. Katikati ya opera, kati ya majina ya Kitaliano na jina la mwanasayansi wa zamani, waimbaji wanasema "bismillahi". Na wanalisema zaidi ya mara moja, kwa nguvu.

Wenzetu Waaustralia wanaojifunza Kiswahili walisema walikuwa wameuimba wimbo huo tangu utotoni, kwenye magari ya wazazi wao, bila kujua kwamba lile ni neno lenye maana. Mmoja alidhani ni jina la mtu. Wenzetu wa pwani walicheka hadi machozi, kisha ikabidi waeleze: ni neno la kuanzia. Unalisema ukinyoosha mkono kwenye sahani, ukipanda chombo, ukifungua duka. Na ukimkuta mtu anakula, yeye ndiye anayekuambia "bismillahi", yaani karibu tule.

Mercury alikataa maisha yake yote kueleza wimbo ule una maana gani. Hivyo hatuwezi kusema kwamba neno lilitoka Unguja. Yeye hakuwa Mwislamu, na neno hilo linasikika India pia. Lakini mtoto aliyekulia Mji Mkongwe amelisikia kabla hajajua kuandika, awe wa dini gani. Upande mmoja wa meza uliona hilo linatosha. Upande wa pili ukasema kusikia si kumiliki.

Pasaka ya 1976

Jumamosi iliyofuata tulipanda tramu hadi Moore Park tukasimama mbele ya Hordern Pavilion. Queen walipiga hapo usiku mbili, tarehe 17 na 18 Aprili 1976, na hiyo ya pili ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Wakati ule maonyesho makubwa ya kilimo ya Pasaka yalikuwa yakifanyika katika viwanja hivyohivyo. Hebu fikirini: ng'ombe wa tuzo, mikate ya mashindano, watoto na pipi zao, na katikati yao vijana wenye nywele ndefu wakienda kumsikia mtu aliyevaa hariri nyeupe akipiga piano.

Miaka miwili tu kabla ya hapo, Januari 1974, bendi hiyo ilikuwa imekuja Australia kwa mara ya kwanza, kwenye tamasha la Sunbury karibu na Melbourne, na umati ukawazomea. Walirudi na albamu hii. Sehemu ya opera hawakuiimba jukwaani, maana watu watatu hawawezi kuwa 180 mbele ya macho ya watu, iliachiwa kanda. Aprili 1985 walirudi tena Sydney, wakati huo wakijaza ukumbi mkubwa wa Entertainment Centre, ambao sasa umebomolewa. Hordern bado ipo. Mlinzi alituuliza kama tuna tikiti. Tulimwambia tumechelewa miaka mingi, akatuacha tupige picha.

Ubishi wenyewe

Sasa yale mliyoyangoja. Jumatano ya pili mwenzetu wa Unguja alikuja amejiandaa. Alisema mtu huyu alibadili jina, hakuzungumzia Zanzibar hadharani ila kwa nadra, na kwa miaka mingi mashabiki wake wengi hawakujua alikozaliwa. Aliongeza kwamba kwao penyewe watu hawakubaliani: mwaka 2006, mpango wa kusherehekea miaka 60 tangu azaliwe ulipingwa na jumuiya ya Uamsho, iliyosema maisha yake hayalingani na maadili ya Visiwa. Mwaka 2019 ilifunguliwa makumbusho yake Shangani, na wanaoingia wengi ni watalii. "Wanamtaka kwa ajili ya tikiti," alisema. "Nyinyi mnamtaka kwa ajili ya sifa. Yeye alitutaka kwa ajili ya nini?"

Upande wa pili ulijibu kwamba aliondoka akiwa na miaka 17 baada ya mapinduzi, si kwa kupenda. Na kwamba alipofariki, tarehe 24 Novemba 1991, mazishi yake yaliendeshwa na makuhani wa Kizoroasta, kwa dua za wazee wake. Mtu aliyekataa kwao hazikwi hivyo.

Sauti zikapanda. Ndipo mwenzetu mmoja, aliyezaliwa hapahapa magharibi mwa Sydney kwa wazazi wa Kikongo, na ambaye sote tumemzoea kwa jina fupi la Kizungu, akasema taratibu kwa Kiswahili chake cha nyumbani: "Kila mkisema mkataa kwao, mnanisema mimi."

Alieleza kwamba jina lake kamili ni la bibi yake mzaa mama. Shuleni mwalimu alilishindwa siku ya kwanza, siku ya pili darasa likacheka, siku ya tatu akajipa jina jipya. Alikuwa na miaka sita. Hakuwa anamkataa bibi. Alitaka tu kuitwa bila watu kucheka.

Tulinyamaza, na tuna sababu: sisi wenyewe, katika kikao cha mwaka huu cha kuwapokea wanachama, tuliwahi kumtania kwa jina hilo fupi. Imeandikwa hata kwenye kumbukumbu za kikao, kama kichekesho.

Mwenzetu wa Unguja hakuifuta methali yake. Alisema bado anaamini Mercury angeweza kusema neno moja zaidi juu ya kwao, na hatukumlazimisha abadilike. Lakini alisimama, akamwendea yule mwenzetu, akamuuliza jina la bibi. Akaambiwa. Akalirudia mara tatu mpaka likakaa sawa mdomoni. Halafu akamsogezea sahani ya maandazi, ambayo kwa bahati ilikuwa na moja lililobaki, akasema: "Bismillahi."

Hatukupiga kura. Kilichoamuliwa ni kidogo zaidi: fomu ya uanachama kuanzia muhula ujao itakuwa na nafasi mbili, ya jina ulilopewa na ya jina unalotaka tukuite, na katibu ameagizwa ajifunze kuyatamka yote mawili. Kile kichekesho cha kwenye kumbukumbu kimefutwa, nasi tumeomba radhi. Tunairudia hapa ili isomwe na wote.

Santuri ipo kabatini pa chama, imefungwa kwa khanga isikwaruzwe. Anayetaka kuisikiliza amwone mweka hazina. Jumatano ijayo ni zamu ya Siti binti Saad, na ubishi tayari umeanza. Njooni mapema, na atakayeweza alete maandazi ya kutosha.